Mwanafunzi Akiwaudhi Watu, Mlezi Wake Afanyeje?

Ndugu msomaji, yako maswali ambayo mtu hayajui uzito wake mpaka yamfike mlangoni. Mojawapo ni hili: umemlea mtu, umemfundisha, kisha umemtuma kwa watu akawafundishe wengine, naye badala ya kuwavuta kwa wema akawachukiza. Watu wanakuja kwako na malalamiko. Je, umkane? Umtetee? Umwondoe kimyakimya ili jina la chuo lisichafuke? Au uwaambie walalamikaji kwamba wao ndio wasiojua?

Swali hili si la wakuu wa vyuo peke yao. Lamhusu baba mwenye mtoto, fundi mwenye mwanagenzi, na imamu mwenye wanafunzi. Na lamhusu sana yule aliyeingia katika dini karibuni, naye ana hamu kubwa ya kuwaonyesha jamaa zake nuru aliyoipata. Kwani mtu huyo ni mwalimu mwanagenzi hata kama hakuwahi kushika chaki. Kwa hiyo natulitazame kwa utulivu, tukianzia na kisa kimoja.

Malalamiko ya Wazee

Mkufunzi mmoja wa walimu kisiwani Pemba, mtu wa makamo na mcha Mungu, alinisimulia jambo lililompata, nami nalieleza kwa idhini yake bila ya kutaja jina la mtu wala la kijiji. Alimpeleka kijana mmoja, mzaliwa wa mjini Unguja, katika skuli ya kijiji cha kaskazini mwa Pemba akafanye mazoezi ya kufundisha. Kijana alikuwa hodari wa hesabu, mwenye sauti nzuri na maandiko safi ubaoni. Haikutimia wiki ya tatu ila barua ya wazee ilifika kwa mkufunzi, imepitia kwa sheha, nayo ilikuwa na ukali.

Wazee waliandika kwamba kijana anapita mbele ya baraza yao kichwa wazi, simu sikioni, wala hatoi salamu. Wakaandika kwamba ana kiburi, na kwamba kijiji chao hakikukosa walimu hata kiletewe mtu asiyejua adabu. Wakaomba aondolewe.

Fikira ya kwanza ya mkufunzi ilikuwa rahisi: amhamishe. Kijiji kitatulia, kijana atamaliza muda wake kwingine, na barua itawekwa katika faili. Lakini alikuwa na desturi ya kutohukumu jambo kabla ya kwenda kwenye mahali pake. Akaenda. Akaketi barazani na wazee, akawasikiliza mpaka wakamaliza; kisha akaenda skuli, akaomba kuona madaftari.

Katika daftari la alama aliona jambo la kwanza: kijana alikuwa amemwandikia mtoto wa mtu mmoja mkubwa wa kijijini alama aliyostahili, nayo ilikuwa ndogo, na akakataa kuibadilisha alipoombwa. Jambo hili halikuwamo katika barua. Katika daftari la mahudhurio aliona jambo la pili: mtoto mmoja wa darasa la nne, ambaye hakuwa akikosa hata siku moja, alikuwa hakuonekana kwa siku tisa. Mwalimu mkuu alidhani amekwenda kuchuma karafuu, kwa sababu ulikuwa msimu wake, na katika msimu huo si ajabu Pemba darasa kupungua. Mkufunzi hakutosheka, akauliza watoto. Wakamweleza kwamba mwalimu mgeni alikuwa akimsimamisha mtoto yule, akimtaka ayarudie maneno yake ya Kipemba mbele ya wenzake, naye mwalimu akacheka na darasa zima likacheka. Ilikuwa hivyo siku tatu mfululizo. Siku ya nne mtoto hakuja.

Mama yake ni mjane. Hakuandika barua. Hakwenda kwa sheha. Hakuketi katika baraza yoyote.

Udhia wa Namba Tatu

Katika kisa hiki kimoja, ndugu msomaji, zimekutana namna tatu za udhia, na kosa kubwa la walezi wengi ni kuzichanganya.

Namna ya kwanza ni udhia wa ada. Kijana hakuwasalimu wazee. Hakumdhulumu mtu mali yake wala mwili wake, lakini alivunja heshima ambayo watu wale wamelelewa nayo tangu utotoni. Baadhi ya watu huidharau namna hii, wakasema kwamba ni mila tu. Haifai kuidharau. Mgeni akiingia nyumbani kwa mtu hupiga hodi, si kwa sababu mlango hauwezi kusukumwa, bali kwa sababu nyumba ina mwenyewe. Kijiji nacho kina wenyewe. Hata mwalimu asiye Mwislamu anayepelekwa Pemba, akinywa maji hadharani mchana wa Ramadhani, hakutenda dhambi kwa mujibu wa imani yake. Lakini amewaumiza wenyeji wake bila haja, naye angeweza kunywa ndani.

Zaidi ya hayo, chini ya chuki ya watu mara nyingi pana hoja. Historia ya elimu Zanzibar yatufunza hivyo. Serikali ilipoanza kufungua skuli zake mwanzoni mwa karne ya 20, wazazi wengi wa mashamba, Unguja na Pemba, walikataa kuwapeleka watoto wao. Maofisa wengine walisema ni ujinga. Kumbe wazazi walikuwa wakiuliza swali la haki: mtoto akishinda skuli mchana kutwa, Kurani ataisoma lini? Masomo ya Kurani yalipopewa nafasi katika ratiba, upinzani ulilegea. Wale waliohesabiwa wajinga walikuwa wakilinda kitu ambacho maofisa hawakukiona. Kwa hiyo mlezi asikimbilie kusema kuwa watu hawaelewi. Kwanza aulize: Je, ni kitu gani wanachokilinda?

Namna ya pili ni udhia wa haki. Kijana alikataa kubadilisha alama, na mkubwa akachukia. Hapa mwenye kuudhika ndiye mwenye kosa. Ukweli, uadilifu na imani huwaudhi watu, na yeyote anayetaka asimuudhi mtu kamwe itambidi aache vyote vitatu. Bila shaka wasomaji wengi wa gazeti hili wanaujua uchungu huu; wamenuniwa na ndugu na kuhamwa na marafiki kwa sababu tu walifuata yale ambayo dhamiri zao ziliyaona kuwa kweli. Mlezi anayemtoa mwanafunzi wake kafara ili kuwaridhisha wakubwa hakuleta amani. Ameuza haki kwa bei ya utulivu wa siku chache.

Lakini hapa pana mtego, nao yapasa tuuseme waziwazi. Nafsi ya binadamu ni hodari wa kuvisha udhia wa ada joho la udhia wa haki. Kijana mwenye bidii ya dini akitumia saa ya hesabu kuwaambia watoto kwamba maulidi ya babu zao ni upotofu, kisha wazee wakakasirika, atasema: nachukiwa kwa ajili ya ukweli. Sivyo. Hata kama asemayo ni kweli tupu, wazazi walimkabidhi watoto kwa ajili ya hesabu, naye akaichukua amana hiyo akaitumia kwa kazi nyingine, mbele ya watoto wasioweza kumjibu. Ukweli hauhitaji kuingia nyumbani kwa kupitia dirishani. Mwenye kuchukiwa kwa sababu ya ukali wa ulimi wake asijihesabu miongoni mwa waliochukiwa kwa sababu ya Mungu.

Namna ya tatu ni udhia wa dhuluma, nao ndio uliompata mtoto wa mjane. Kijana alidhani anasahihisha lugha. Lakini Kipemba si Kiswahili kilichoharibika. Ni lahaja kamili, na Kiswahili sanifu chenyewe kilijengwa juu ya lahaja mojawapo tu, ile ya mjini Unguja, iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Wangechagua nyingine, labda leo mtoto wa mjini ndiye angesimamishwa mbele ya darasa. Kumfundisha mtoto lugha ya vitabuni ni wajibu wa mwalimu. Kumcheka kwa maneno aliyoyapata pamoja na maziwa ya mama yake ni kumdhalilisha yeye na mama yake pamoja.

Ukubwa wa Kelele na Ukubwa wa Jeraha

Sasa tazama, ndugu msomaji, jinsi mizani ilivyopinduka. Jambo dogo, yaani salamu, liliandikiwa barua. Jambo la haki, yaani alama, lilifichwa ndani ya barua hiyo likawa ndilo kuni zake. Na jambo kubwa, yaani mtoto, halikuandikwa kabisa. Lau mkufunzi angepima kosa kwa kelele zake, angemwadhibu kijana kwa uadilifu wake pamoja na ukosefu wake wa salamu, na dhuluma yake angeihamishia kijiji kingine ikaendelee.

Hili ndilo nataka tulishike: uzito wa kosa haupimwi kwa sauti ya aliyeudhika bali kwa udhaifu wa aliyeumizwa. Mwenye nguvu akiguswa kidogo hupiga ukelele ukasikika mbali. Mnyonge huumia kimya. Pengine hata hajui kwamba ana haki ya kulalamika.

Kurani Tukufu imetuwekea jambo hili katika sura ya 80, inayoitwa Abasa. Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makka, akitumaini kwamba watauelewa Uislamu. Akaja kipofu maskini, Abdullah bin Ummi Maktum r.a., akakatiza mazungumzo kwa swali lake. Mtume s.a.w. hakumkemea wala hakumwambia neno la kumvunja moyo. Alikunja uso tu. Na aliyekunjiwa uso alikuwa kipofu! Hakuuona uso ule, wala hakuna mlalamikaji aliyepeleka mashtaka. Juu ya hayo Mwenyezi Mungu aliteremsha Maneno yake kwa ajili ya mtu huyo, nayo yasomwa misikitini mpaka leo. Mtume s.a.w. akamheshimu maisha yake yote, na mara kadhaa aliposafiri alimwachia usimamizi wa mji wa Madina. Ikiwa kunja la uso lisiloonekana lina uzito huu mbele ya Mungu, basi kicheko cha darasa zima kitakuwa na uzito gani?

Jinsi Mtume s.a.w. Alivyowarekebisha Wanafunzi Wake

Tukitaka kujua namna ya kumwongoza mwalimu mwanagenzi aliyeudhi watu, tunao mfano ulio wazi. Muadh bin Jabal r.a. alikuwa kijana mwenye elimu kubwa. Alikuwa akisali Isha pamoja na Mtume s.a.w., kisha akirudi kwa watu wake kuwasalisha. Usiku mmoja alianza kusoma sura ya Al-Baqara, sura ndefu kuliko zote. Nyuma yake alikuwapo mtu aliyeshinda mchana kutwa na ngamia zake za kunyweshea mashamba. Mtu yule alishindwa kuvumilia, akajitenga, akasali peke yake, akaenda zake. Muadh alipopata habari akamwita mnafiki. Mtu yule akampelekea Mtume s.a.w. mashtaka.

Angalia mambo manne. Kwanza, Mtume s.a.w. alimsikiliza mlalamikaji, mkulima aliyechoka, wala hakumwambia kwamba Muadh ni mwanachuoni na yeye hajui kitu. Pili, alimkemea Muadh kwa maneno mazito, akimuuliza kama anataka kuwatia watu katika fitina; hakulipunguza kosa kwa sababu ya elimu ya mkosaji. Tatu, hakumwacha na lawama tupu, bali alimtajia sura fupi za kusoma na kumkumbusha kwamba nyuma yake wamo wazee, wadhaifu na wenye haja. Lawama isiyo na njia ya kutokea ni kama kumfungia mtu ndani ya nyumba kisha kumgombeza kwa kutotoka. Nne, hakumfukuza kazi. Baadaye alimtuma Yemen, yeye na Abu Musa r.a., wakawafundishe watu, naye akawausia wafanye mambo kuwa mepesi wala wasiwakimbize watu. Yule aliyewakimbiza watu msikitini kwake ndiye aliyepewa nchi nzima ailee. Kwani aliyerekebishwa kwa haki huujua ugonjwa na dawa yake.

Lakini makosa hayalingani, na mfano wa pili watuonya. Katika mwaka wa 8 wa Hijra, Khalid bin Walid r.a. alitumwa kwa Banu Jadhima, akaharakisha kuwaua watu ambao walikuwa wamekusudia kusilimu lakini hawakujua kulisema neno lenyewe. Habari ilipomfikia Mtume s.a.w. aliinua mikono yake akajitenga mbele ya Mungu na kitendo kile. Hakusema kwamba ni mambo ya ndani ya jeshi. Akamtuma Ali r.a. na mali akalipe fidia ya waliouawa na vitu vilivyopotea, na wanahistoria wanasema alilipa hata bakuli la kunyweshea mbwa. Hapa twaona kwamba panapo dhuluma, mlezi hajafanya kitu mpaka kwanza akane kitendo waziwazi, na pili aifikie nyumba ya aliyedhulumiwa.

Kusitiri na Kuficha

Baadhi ya watu watasema: Je, dini haikutuamuru kusitiri aibu za ndugu zetu? Naam, imetuamuru. Lakini aibu ya kusitiriwa ni ile iliyo baina ya mtu na Mola wake. Dhuluma si aibu ya mkosaji peke yake. Ina mwenyewe mwingine aliyeumizwa, na hatuna mamlaka ya kusitiri kitu ambacho si chetu. Basi ikiwa mwanagenzi amemdhuru mtoto mwilini, au amemwendea mwanafunzi kwa nia mbaya, hapo hapana nasaha ya faragha wala kungojea muda wa mazoezi uishe. Aondolewe mbele ya watoto siku hiyohiyo, na jambo lifikishwe kwa wenye mamlaka. Zanzibar inayo Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya mwaka 2011, nayo haikuandikwa ili ikae kabatini. Chuo kinachomhamisha mtu wa namna hiyo kimetoa kaa la moto katika paa moja la makuti na kulitupa juu ya paa jingine, kisha kikajisifu kwamba kimezima moto.

Ama yale mengine, ya ada na ya ulimi na ya ujana, huko ndiko subira iliko na pahali pake. Mimi mwenyewe ni shahidi. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha dini ng'ambo, tulipelekwa vijijini kufundisha. Siku moja, mbele ya jamaa ya msikiti, nilimsahihisha mzee mmoja matamshi yake ya Kiarabu. Nilikuwa na haki katika matamshi. Mzee akainamisha kichwa, na jioni hakuja kusali. Mwalimu wangu alipojua hakunigombeza. Alinichukua mpaka kwa mzee, akaketi chini juu ya mkeka wake, akamwambia kwamba kosa ni lake yeye mwalimu, kwani alinifundisha matamshi kabla ya kunifundisha heshima. Sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Imepita miaka zaidi ya ishirini. Masomo mengi ya chuo kile yamenitoka, lakini mkeka ule nauona mpaka leo.

Mwalimu yule alijua jambo ambalo wengi hatulijui: mwanafunzi anapoudhi watu, mlezi naye anasomwa. Watu hawaoni kijana tu; wanauona mkono uliomtuma. Kwa hiyo mlezi atangulie kuibeba lawama mbele ya watu, kisha amrekebishe mwanafunzi faraghani. Wengi wetu twafanya kinyume: twamgombeza hadharani ili watu waone kuwa sisi hatuhusiki, kisha faraghani hatumfundishi lolote.

Mwisho wa Kisa

Yule mkufunzi wa Pemba hakumhamisha kijana. Alimwambia mambo matatu, kila moja kwa mizani yake. Kuhusu alama: umefanya haki, nazo hazitabadilika, nami nitamweleza baba yake mwenyewe. Kuhusu wazee: kesho tutakwenda barazani pamoja, utawaamkia mmoja mmoja. Kuhusu mtoto: leo hii, kabla jua halijazama, tunakwenda kwa mama yake.

Wakaenda. Kijana akaomba radhi kwa mtoto mbele ya mama yake, na asubuhi yake, mtoto aliporudi, akaomba radhi mbele ya darasa lile lile lililocheka. Kwani jeraha la hadharani haliponywi kwa dawa ya uvunguni. Wazee nao walisamehe upesi. Watu wazima wakipewa heshima yao husahau. Baba mkubwa wa alama hakusamehe, na hilo liliachwa kwa Mungu.

Nilimuuliza mkufunzi: Na mtoto? Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba mtoto alihudhuria kila siku tangu hapo, lakini hakuinua tena mkono wake kujibu swali mpaka kijana alipomaliza muda wake na kuondoka.

Basi, ndugu msomaji, tusidanganyane. Toba husamehewa, fidia hulipwa, radhi hukubaliwa. Lakini si kila kilichovunjika hurudi kama kilivyokuwa. Ndiyo maana mlezi hatakiwi kungoja barua. Alifungue daftari la mahudhurio kabla ya kuifungua bahasha ya malalamiko, aulize ni nani asiyeonekana, na ni nani aliyekuwa akisema ambaye sasa amenyamaza.

Nawe uliyeingia katika dini karibuni, unayetaka kuwafundisha jamaa zako, jiulize kila jioni: Leo niliyemchukiza, nilimchukiza kwa haki, au kwa ukosefu wa adabu, au kwa dhuluma? Ukijibu kwa kweli, utajua ni wakati gani wa kusimama imara na ni wakati gani wa kwenda kukaa juu ya mkeka wa mtu ukamwombe radhi.

Mwenyezi Mungu atujalie ndimi zisizowaumiza wanyonge, na masikio yanayowasikia wasiosema. Amin.